Re: Darasa la kwanza wanaongea Kisukuma tu, na mkuu hataki nikitumie

Habari mwalimu mwenzangu. Kama nimekuelewa, watoto wanakaa kimya kipindi kizima, ila kengele ya mapumziko ikigonga wanachangamka kwa Kisukuma. Nimepitia hayo miaka mitatu.

Kwanza angalia kama kweli hawajui au hawana maneno tu. Mpe mtoto vizibo vya soda, mwambie kwa Kisukuma ahesabu. Akipatia, hesabu anaijua, shida ni Kiswahili.

Mimi nilibandika ukutani maboksi yaliyokatwa, picha katikati, neno la nyumbani kushoto, la Kiswahili kulia: numba/nyumba, mbuli/mbuzi, minzi/maji. Watoto ndio wanaonitajia la kushoto. Siku ya mbuli na mbuzi walicheka mpaka basi, kisha mmoja aliyekuwa bubu tangu Januari akaanza kusahihisha matamshi yangu (mimi si Msukuma, yananishinda). Wakae wawiliwawili, anayejua Kiswahili na asiyejua. Na kile kibao cha kuvalishwa shingoni ukiongea kilugha, kama bado kipo hapo kwenu, kianze kuondoka hicho.

Kuhusu mkuu, usiende na maneno matupu. Lugha ya kufundishia shule ya msingi ni Kiswahili, usibishane naye hapo. Mwambie Kisukuma unakitumia kama ngazi, halafu mkaribishe darasani dakika kumi asikilize watoto wakisoma ukuta. Wangu alikuja akinuna, akaondoka na picha kwenye simu.

Sekondari sijafundisha, wa huko waongezee.