Kipindi kimepita saa ngapi? Maswali yenu kuhusu ratiba ya televisheni

Barua za mwezi huu zimetoka Mwanza mjini na visiwani. Karibu zote zinauliza kwa nini ratiba ya televisheni ya umma, kama TBC1 ya Tanzania, inaonyesha kipindi, halafu mtu akiwasha hakikuti. Mara nyingi kosa liko nyumbani, na linarekebishika bila kununua kitu.

*Ratiba kwenye king'amuzi changu inasema taarifa ya habari ya TBC1 ni 17:00. Nikiwasha saa hiyo nakuta kipindi kingine kabisa, lakini ikifika saa 2 usiku habari hizo hapo. King'amuzi kimekufa?* (Msomaji wa Nyakato)

Ni kizima. King'amuzi hupokea saa ya GMT, yaani ya Greenwich, Uingereza, kutoka kwenye matangazo, kisha huongeza tofauti uliyoiweka kwenye menyu. Tanzania iko GMT +3. Chako kimebaki kwenye sifuri, ndiyo maana 20:00 inaonekana 17:00. Ingia kwenye mipangilio, tafuta sehemu ya saa, weka +3, na uzime saa ya kiangazi (ile ya kusogeza saa mbele kwa saa moja) kama imewashwa, maana huku kwetu haitumiki. Hifadhi, kisha linganisha na saa ya simu. Ikipishana kwa saa moja kamili, bado saa ya kiangazi imewashwa. Ikipishana kwa saa tatu, hukuhifadhi. Ikilingana na simu lakini ikapishana kwa saa sita na saa unayoitaja kwa mdomo, king'amuzi kiko sawa. Ni wewe unayehesabu Kiswahili na chenyewe kinahesabu kizungu.

Kubadili ni rahisi. Kuanzia 07:00 hadi 18:59 toa 6. Kuanzia 19:00 hadi 23:59 toa 18. Kuanzia 00:00 hadi 06:59 jumlisha 6. Mtego uko kwenye hizi za mwisho. Kipindi kilichoandikwa Jumamosi 00:30 ni saa 6 na nusu ya usiku ule ambao sisi tunauita Ijumaa usiku. Ukikisubiri Jumamosi baada ya chakula cha jioni, kilishapita jana yake, na wengi hulaumu kituo kwa hilo.

*Nina mgahawa Kirumba. Wateja huniuliza kipindi fulani kinaanza lini, nawajibu kwa ratiba, halafu kinachelewa. Kwa nini televisheni ya umma haifuati ratiba yake?* (Mama lishe, Kirumba)

Mama, ratiba ya chaneli ya umma ni mpango wa siku yenye mambo ya kila namna: habari, watoto, kilimo, dini, muziki, michezo, mijadala. Vipindi vilivyorekodiwa havisumbui. Kipindi kinachoitwa cha nusu saa hutengenezwa kifupi kidogo ili matangazo na vionjo vipate nafasi, na pakibaki dakika chache hujazwa wimbo au tangazo la afya. Kinachovuruga siku ni matangazo ya moja kwa moja, kwa sababu hakuna ajuaye yataisha saa ngapi.

Chukua mechi ya Taifa Stars inayoanza saa 1 usiku. Dakika 45, mapumziko 15, kisha 45 nyingine: jumla 105. Ongeza za nyongeza za vipindi vyote viwili, unakaribia saa 3 kasoro. Kwa hiyo taarifa ya saa 2 lazima isogezwe, ifupishwe au iingizwe wakati wa mapumziko. Mechi ya mtoano ikienda muda wa ziada, jumlisha dakika 30 na penalti. Sherehe za kitaifa, kama za 26 Aprili na 9 Desemba, huanza asubuhi na huweza kula nafasi ya vipindi hadi mchana. Siku ya kusomwa bajeti mwezi Juni nayo huvuruga ratiba.

Kwa mgahawa, angalia kwanza kilichotangulia. Kama kipindi anachokitaka mteja kinafuata jambo la moja kwa moja, mwambie kitaanza "baada ya mpira", usimtajie saa. Kama kinafuata kipindi kilichorekodiwa, saa ya ratiba ni ya kuaminika. Kisha tafuta marudio. Vipindi vingi vya chaneli za umma hurudiwa asubuhi au mchana wa siku nyingine, wakati ambao mgahawani kuna nafasi ya kutazama.

*Nilitega king'amuzi kirekodi kipindi cha saa 3 usiku kwenye flashi. Nikakuta dakika chache tu, wiki iliyofuata sikukuta kitu.* (Mwanafunzi, Nyegezi)

Hapa kuna makosa manne yanayofanana kwa sura, tuyatenge.

La kwanza ni umeme. King'amuzi kilichotegwa lazima kibaki kwenye umeme na taa nyekundu iwake. Ukikizima kwenye swichi ya ukutani, umezima na mtego wake. Umeme ukikatika na kurudi, vingine hubaki vimelala na saa yao imepotea mpaka vishike mawimbi tena. Ndiyo sababu ya kukuta flashi tupu.

La pili ni nafasi. Chaneli ya picha ya kawaida inayotumia takriban megabiti 2 kwa sekunde hula megabaiti 900 kwa saa. Ya picha angavu, tuseme megabiti 6, hula gigabaiti 2.7 kwa saa. Flashi ya gigabaiti 16 basi inatosha saa 5 na ushee za picha angavu. Lakini kama imepangwa kwa FAT32, mfumo wa zamani wa kuhifadhi mafaili, faili moja haliwezi kuzidi gigabaiti 4, yaani dakika kama 90 za picha hiyo. Ving'amuzi vingine huanza faili jipya, vingine husimama kimya. Ipange flashi upya kwa menyu ya king'amuzi chenyewe, ukijua kila kilichomo kitafutika.

La tatu ni flashi bandia, zile zilizoandikwa gigabaiti nyingi kuliko zilizo nazo. Hurekodi kidogo, kisha hukwama. Dakika zako chache zinanuka hapo. Jaribu kurekodi mchana kwa muda sawa na wa kipindi unachokitaka, kabla ya kuiamini usiku. Na usichomeke diski kubwa inayozunguka bila umeme wake, kwani tundu la king'amuzi mara nyingi halina nguvu ya kuizungusha, nacho hujizima na kujiwasha.

La nne ni muda. Anza dakika 5 kabla, maliza 15 baada. Baada ya mechi, weka 45. Na usihame chaneli ovyo wakati kinarekodi. Chenye kipokezi kimoja kinaweza kukuonyesha chaneli nyingine za masafa yale yale tu. Ukichagua ya masafa mengine kitakukatalia, au kitakata rekodi.

*Asubuhi picha safi, jioni inaganda na kuvunjika vipande. Fundi anataka ninunue kikuza mawimbi.* (Mwalimu, Nansio, Ukerewe)

Mwalimu, shika hela yako kwanza. Mawimbi yanayovuka ziwa hufika kwako kwa njia mbili: moja kwa moja, na kwa kudunda juu ya maji. Hewa ikibadilika joto kati ya asubuhi na jioni, njia hizo hupinda tofauti, mara zinasaidiana, mara zinauana. Kikuza mawimbi hukuza zote mbili pamoja na makelele, hivyo mstari wa nguvu hupanda huku picha ikizidi kuganda.

Fungua ukurasa wa mawimbi kwenye menyu ya king'amuzi jioni, wakati wa tatizo, utazame mstari wa ubora, si wa nguvu. Pandisha au shusha antena sentimita 25 kwa mara, ukisubiri sekunde chache kila hatua. Kushusha wakati mwingine kunashinda kupandisha, hata kama fundi atacheka. Kwa kawaida vijiti vya antena hulala, havisimami. Waya uwe wa ohm 75, usio na viungo, na kichwa chake kisiwe na kutu.

Radi za usiku za ziwani si za kuchezea. Ukiona wingu linajikusanya, kabla halijaanza kunguruma, chomoa umeme na waya wa antena vyote viwili. Nguzo iliyosimikwa juu ya jabali haina udongo wa kupokea umeme, kwa hiyo kuigusisha mwamba si kuiweka ardhini.

*Mkalimani wa lugha ya alama anaonekana nusu kwenye televisheni yetu. Mdogo wangu ni kiziwi.* (Msomaji wa Mabatini)

Televisheni yenu imewekwa kukuza picha. Picha ya 4:3 (ile iliyo karibu na mraba) ikikuzwa kujaza kioo cha 16:9 (kipana) hupoteza robo ya kimo chake, juu na chini, na mkalimani hukaa kona ya chini. Bonyeza kitufe cha umbo la picha kwenye rimoti ya televisheni, kisha kwenye ya king'amuzi, mpaka mikono yake yote ionekane. Mistari myeusi itakayobaki pembeni iacheni.