Namba -8 na miwani ya jua ya polaraizi: anza na fremu, lenzi baadaye

Ndugu uliyeuliza kutoka Entebbe: namba yako ni -8.00 macho yote mawili, mboni kwa mboni milimita 62, umependa fremu ya 58-16 (kila lenzi upana wa milimita 58, kiungo cha puani milimita 16), na unataka iwekwe lenzi ya polaraizi, yaani ya kukata mng'ao, ya 1.74 ili iwe nyembamba (namba hiyo ni kipimo cha jinsi plastiki inavyopinda mwanga: ikiwa kubwa, lenzi huwa nyembamba). Tafadhali usilipe bado. Kwa fremu hiyo hakuna lenzi itakayokupa wembamba unaoutafuta.

Lenzi ya asiyeona mbali ni nyembamba katikati na nene pembeni, na unene huo hupanda haraka mno kadiri ukingo unavyokwenda mbali na kitovu. Hesabu yake si ngumu. Jumlisha 58 na 16, unapata 74. Toa 62, inabaki 12, kwa hiyo kitovu cha kila lenzi kitasogezwa milimita 6 kuelekea puani. Ukingo wa upande wa sikio unabaki milimita 35 kutoka kitovu (nusu ya 58, yaani 29, ongeza zile 6). Sasa 35 mara 35 mara 8 ni 9800, gawa kwa 1480 (yaani 2000 mara 0.74, ambayo ni 1.74 toa 1) na jibu ni 6.6. Ongeza unene wa kitovu chenyewe, kama milimita 1.5, umefika 8. Hiyo ndiyo lenzi ghali kuliko zote!

Chukua fremu ya 46-18. Ukingo uko milimita 24 tu kutoka kitovu. Lenzi ya 1.60 inazidi kitovu kwa milimita 3.8, na hata plastiki ya kawaida ya 1.50 inazidi kwa 4.6. Namba za fremu zimechapishwa ndani ya mkono wa miwani. Zisome kabla ya kuuliza bei, na jumla yake iwe karibu iwezekanavyo na umbali wa mboni zako.

Umbo liwe la mviringo, lenye ukingo mzima wa plastiki nene, maana huo ndio unaoficha pembe za lenzi. Fremu zilizopinda kufuata uso, kama za waendesha baiskeli, ziache kabisa. Lenzi ya -8 ina uso wa mbele ulio karibu bapa, na fremu ile inadai uso uliopinda. Fundi akilazimisha, ama lenzi inachomoka kwenye mfereji, ama unatazama kupitia lenzi iliyolala upande na namba yako inabadilika, pamoja na silinda (namba ya kurekebisha jicho lisilo duara sawasawa) usiyoihitaji. Zile zisizo na ukingo, zinazotobolewa matundu ya skrubu, nazo si nzuri kwa polaraizi: utando unaweza kuanza kuachana kwenye tundu.

Utando huo ndio polaraizi yenyewe. Umekaa ndani ya lenzi, karibu na uso wa mbele, kwa hiyo fundi hawezi kusaga kitovu kiwe chembamba kama cha lenzi nyeupe, yaani isiyo na giza. Pia polaraizi ya 1.74 ni adimu, za 1.50, 1.60 na 1.67 ndizo zinazopatikana. Kwa -8 katika fremu ndogo mimi ningechagua 1.60. Ile ya 1.67 hupunguza kama nusu milimita tu, lakini hutawanya rangi zaidi: ukitazama bango jeupe kwa pembe ya jicho unaona mstari wa buluu upande mmoja na wa njano upande wa pili. Kuanzia -10, hapo 1.67 ina maana.

Polaraizi hukata mng'ao unaoruka kutoka lami yenye maji, boneti ya gari na uso wa ziwa. Haimaanishi kinga ya miale ya urujuani, kwa hiyo hakikisha imeandikwa UV400, alama ya kinga hiyo. Giza liwe daraja la 3, katika madaraja ya 0 hadi 4. La 4 halifai kuendeshea gari. Na omba mpako wa kuzuia mwakisiko upande wa nyuma wa lenzi. Bila huo, jua likiwa mgongoni utaona taswira ya jicho lako mwenyewe mbele ya barabara.

Siku ya kuchukua, jaribu hapo hapo dukani. Shika miwani mbele ya skrini ya kompyuta na uizungushe polepole kama usukani. Lenzi zote mbili zifikie giza lake kuu kwa pamoja. Moja ikichelewa, imekatwa ikiwa imepinda, irudishe. Kisha mwambie fundi apime vitovu kwenye mashine mbele yako. Kwa -8, kosa la milimita 3 linaleta prizimu 2.4 (kipimo cha jinsi lenzi inavyosogeza unachokitazama), na hapo ndipo kichwa huanza kuuma na ardhi kuonekana imeinama. Usimpe namba ya lenzi za kuvaa ndani ya jicho: -7.25 ya kule ni kama -8.00 kwenye miwani.

Lenzi zinazojitia giza zenyewe juani hazitakusaidia sana ndani ya gari, kwa sababu kioo cha mbele huzuia miale inayoziamsha. Bei ikikushinda, klipu ya polaraizi iliyokatwa kwa umbo la miwani yako nyeupe inafanya kazi vizuri, na miwani inabaki nyembamba. Na usiiache juu ya dashibodi gari likiwa limeegeshwa juani: mpako hupasuka nyufa ndogondogo kama tope lililokauka, na nyufa hizo hazifutiki.