Kabla hujamuuliza msanii swali lile

Nimetangaza redioni miaka kumi na moja. Mahojiano mengi nimeyasahau, ila moja limeganda. Alikuja kijana mwimbaji, albamu yake ya kwanza imetoka wiki hiyohiyo, mama yake amemsindikiza na kuketi upande wa pili wa kioo. Tetesi zilikuwa zimeshazagaa kwamba anapenda wanaume wenzake. Katikati ya kipindi mkuu wangu akanitumia ujumbe wa neno moja: mbane. Nikambana. Nikamwambia mashabiki wanataka kujua, aseme ndiyo au hapana tuyamalize. Akanyamaza. Kimya cha sekunde nne redioni ni kirefu mno. Akageuka kumtazama mama yake, kisha akasema hapana, kwa sauti ambayo haikuwa ile aliyoingia nayo. Simu zikafurika, mkuu akanipongeza, nikaenda kulala nikiamini nimefanya kazi.

Miaka ilipita ndipo nikatazama mahojiano ya mwaka 2000 ya mwimbaji Ricky Martin na Barbara Walters, mtangazaji mashuhuri wa televisheni Marekani. Pale kwenye kiti cha muulizaji nilijiona mimi.

Wakati ule hakuna aliyekuwa hamjui Ricky. Mzaliwa wa San Juan, Puerto Rico, kisiwa kilicho chini ya Marekani, aliingia kundi la muziki la wavulana, Menudo, mwaka 1984 akiwa na miaka 12. Baadaye akaigiza tamthilia Mexico, akaingia tamthilia ya Marekani, General Hospital, na mwaka 1996 akapanda jukwaani Broadway, kwenye kumbi kubwa za maigizo za New York, katika igizo la muziki la Les Misérables. Aliimba wimbo wa Kombe la Dunia la 1998, na mwaka uliofuata Livin' la Vida Loca ukashika namba moja Marekani kwa wiki tano. Kwenye mahojiano yale Walters akamwambia angeweza kuzizima tetesi kwamba anapenda wanaume kwa kusema tu ndiyo au hapana. Ricky hakukubali wala hakukana. Alisema hajisikii kulijibu.

Alilijibu kwa hiari yake tarehe 29 Machi 2010, kwenye tovuti yake mwenyewe, akiandika kwamba anajivunia kuwa mwanamume anayependa wanaume na kwamba ana bahati. Miaka kumi ilikuwa imepita. Alikuwa ameshapata watoto pacha, Matteo na Valentino, waliozaliwa 2008, na aliandika kuwa kuendelea kujificha kungekuwa kuipunguza nuru waliyozaliwa nayo. Mwaka huohuo Walters alikiri hadharani kwamba swali lake halikufaa. Ricky naye aliliambia jarida la People mwaka 2021 kwamba siku ile alijihisi amevamiwa, kwa sababu hakuwa tayari na alikuwa anaogopa. Zaidi ya miaka ishirini baadaye, bado anaikumbuka kama jeraha.

Watangazaji wenzangu, nisikilizeni hapa. Swali la ndiyo au hapana kuhusu maisha ya faragha ni mtego usio na mlango wa kutokea. Akisema ndiyo kabla ya wakati wake, umemvua nguo mbele ya umma, na katika nchi nyingi sheria na majirani wanaweza kummaliza. Akisema hapana huku moyo unasema vingine, umemfundisha kudanganya. Akikataa kujibu, msikilizaji anajijazia mwenyewe. Hakuna jibu linalomwacha salama, na wewe uliyeuliza unaondoka na kiki yako.

Sasa mimi, kabla taa nyekundu haijawaka, nakaa na mgeni dakika kumi na kumuuliza ni mambo gani hataki yaguswe. Nayaandika kwenye karatasi, karatasi naiweka mezani ambapo mimi, yeye na mtayarishaji tunaiona. Mkuu akituma ujumbe wa ubuyu, sijibu mpaka kipindi kiishe. Msikilizaji akipiga simu na kulileta swali hilo, namkatiza na kurudi kwenye muziki bila kumwomba mgeni aseme lolote. Hapo mwanzo niliogopa nitapoteza wasikilizaji. Nilipoteza waliokuja kwa udaku.

Na maswali ya kuuliza yapo tele. Fikiria mtu aliyeanza utotoni kwenye kundi la wavulana, akaishia kuigiza kama Antonio D'Amico, mpenzi wa mbunifu wa mitindo Gianni Versace, katika tamthilia ya mwaka 2018 na kuteuliwa kuwania Emmy, tuzo kubwa ya televisheni Marekani. Muulize alijiandaaje. Muulize kuhusu taasisi yake inayopambana na usafirishaji haramu wa watoto, kazi aliyoianza miaka mingi kabla hajajitangaza.

Kuna jambo jingine lililonigusa zaidi. Alipokwisha kujisemea mwenyewe, sauti yake ilipata uzito mpya. Desemba 2012 alizungumza Umoja wa Mataifa dhidi ya chuki kwa wapenzi wa jinsia moja, kwenye mkutano ambao mwanamuziki wetu wa Afrika, Yvonne Chaka Chaka, pia alishiriki. Julai 2019 zikavuja kurasa 889 za mazungumzo ya gavana wa Puerto Rico, Ricardo Rosselló, na watu wake, yenye kejeli dhidi ya Ricky kwa sababu ya anavyopenda. Ricky akaingia barabarani San Juan na maelfu ya watu, akiwa juu ya lori na bendera ya upinde wa mvua, alama ya wapenzi wa jinsia moja, mkononi. Tarehe 24 mwezi huohuo gavana akatangaza kujiuzulu. Kejeli zile hazikuwa na siri ya kumtishia nayo tena.

Kwako msanii: usiende studio peke yako, na andaa sentensi moja. "Hilo sizungumzii." Iseme bila kucheka na bila kuongeza maelezo, maana maelezo ndiyo kamba wanayokuvutia nayo. Wakirudia, rudia.

Mwaka jana nilimtafuta yule kijana nikamwomba radhi kwa ujumbe mrefu. Alijibu siku ya tatu. Hakunilaumu, aliuliza tu kama sauti ile bado ipo. Ilikuwepo kwenye ukurasa wa kituo, na jioni hiyo nilisimama kwa fundi mpaka ilipoondolewa. Nikamwandikia kwamba imetoka, na kwamba nakala walizozichukua watu wengine sina uwezo nazo.