Barua kwa mwanangu kuhusu koti jekundu

Mwanangu mpendwa,

Barua yako niliipata juzi, nami nimeisoma mara mbili: mara ya kwanza kwa furaha ya kusikia kwamba umepandishwa cheo, na mara ya pili kwa makini, kwa sababu ya lile swali uliloliweka mwishoni kana kwamba ni jambo dogo. Umeniambia kwamba mwenzako mmoja ofisini amekushauri uachane na mavazi yako meusi na ya kijivu, akisema yanakufanya uonekane mnyonge, kwamba buluu huwafanya watu wamwamini mtu, nyekundu humpa mamlaka na manjano humchangamsha moyo. Kwamba kwa ushauri huo ulinunua koti jekundu, nalo limetundikwa kabatini wiki ya tatu sasa bila kuvaliwa. Na kwamba unataka kusikia kwangu mimi, niliyekaa nyuma ya cherehani zaidi ya miaka thelathini, kama ni kweli rangi ya nguo hubadilisha hali ya moyo na kumwongezea mtu kujiamini, na kama ulivae siku utakapowasilisha taarifa yako ya kwanza mbele ya bodi.

Rangi ina nguvu, hilo sitalikana. Ila sidhani kama nguvu hiyo inakaa pale mwenzako anapoitafuta, na kabla hujalitoa koti kabatini ningependa ujue inakaa wapi.

Niruhusu nianze na pale ambapo rangi hufanya kazi bila kutegemea imani ya mtu. Zamani madaktari wa upasuaji walivaa nyeupe, ambayo ilifaa kwa usafi kwa kuwa kila doa huonekana, lakini weupe ule chini ya taa kali uliyachosha macho yao; tena mtu akikazia macho damu kwa muda mrefu kisha akatazama kitambaa cheupe, huona kivuli cha kijani kikielea mbele yake, kwa sababu sehemu za jicho zinazopokea wekundu zimechoka. Mwaka 1914 daktari mmoja wa San Francisco, Harry Sherman, aliamua kutumia kijani katika chumba chake cha upasuaji, na baadaye kijani na buluu zikaenea katika hospitali nyingi. Hapo rangi inagusa mwili wenyewe, na humpata karibu kila mwenye macho, awe anaamini au haamini. Madai ya mwenzako ni ya aina nyingine kabisa: yeye anazungumzia maana, na maana haifumwi pamoja na uzi.

Si kwamba maana hizo ni za kubuni tu. Mwaka 2020 ulichapishwa utafiti uliowataka watu zaidi ya elfu nne katika nchi 30 wahusishe majina ya rangi na hisia, na ukaonyesha kwamba wanadamu hukubaliana kuliko ambavyo ningetarajia. Nyeusi, kwa mfano, ilihusishwa na huzuni katika nchi nyingi. Lakini nyekundu ilihusishwa na upendo, na hapo hapo ikahusishwa na hasira. Sasa niambie, wajumbe wa bodi wakikuona umeingia na koti jekundu, watasoma lipi kati ya hayo mawili? Vilevile watu wale waliulizwa juu ya majina ya rangi, wakiwa wamekaa wanajibu maswali. Hakuna aliyeulizwa anajisikiaje akiwa amevaa rangi hiyo, ameshika makaratasi, na watu kumi wanamtazama. Na kumbuka kwamba nyeupe, ambayo kwa bibi harusi wengi ni rangi ya furaha, katika sehemu nyingi za Asia ndiyo rangi ya msiba.

Hata lugha yetu inatuonya tusiyategemee sana majina. Kiswahili kina vivumishi vitatu tu vya rangi vinavyokubali viambishi, yaani -eupe, -eusi na -ekundu. Nyingi zilizobaki tumezichukua kwenye vitu: kijani kwenye majani, kijivu kwenye majivu, zambarau kwenye tunda, manjano kwenye kiungo cha jikoni, na ile ninayoipenda kuliko zote, damu ya mzee, ambayo humwonyesha msikilizaji rangi yenyewe kabla hajaiona. Hukuniambia koti lako ni jekundu la namna gani. Kuna wekundu wa bendera, unaoingia chumbani kabla ya mwenye kuuvaa, na kuna wekundu wa damu ya mzee, ambao hukaa mwilini kimya, na tofauti baina ya hizo mbili kwa moyo wa mtu ni kubwa kuliko tofauti baina ya damu ya mzee na buluu iliyokoza. Mwaka 1994 wanasaikolojia Patricia Valdez na Albert Mehrabian walipima jinsi watu wanavyoguswa na rangi, wakaona kwamba kung'aa na kukolea kwa rangi kulieleza hisia kwa uthabiti zaidi kuliko jina la rangi. Niliposoma hayo nilicheka peke yangu, maana nilikuwa nimeyaona kwenye kioo cha karakana kwa miaka mingi. Mteja angeapa kwamba hapendi kijani. Ukimwinulia shingoni kijani kilichotulia, anajitazama, anageuka ubavu, anauliza bei.

Kuhusu wale wanaotazama, mwenzako ana hoja, na sitaki kumnyima haki yake. Mwaka 2008 watafiti wa Ujerumani waliwaonyesha waamuzi 42 wa taekwondo video za mapambano, kisha wakazibadilisha rangi kwa kompyuta hata aliyekuwa na buluu akaonekana na nyekundu. Mchezaji yule yule, kwa mapigo yale yale, alipewa alama zaidi kwa takriban asilimia 13 alipoonekana amevaa nyekundu. Miaka ishirini kabla ya hapo, mwaka 1988, Mark Frank na Thomas Gilovich walikuwa wamechunguza timu za michezo ya Marekani zilizovaa jezi nyeusi, wakakuta kwamba ziliadhibiwa na waamuzi kuliko nyingine; na walipofanya majaribio, waliona mambo mawili kwa pamoja: watazamaji waliliona tukio lile lile kuwa la ukali zaidi likifanywa na waliovaa nyeusi, na watu waliovishwa nyeusi wenyewe walichagua michezo yenye ugomvi zaidi. Kwa hiyo vazi linaweza kumgusa anayetazama na aliyelivaa. Lakini utaona kwamba habari hizi zote ni za mapambano, ambako mwamuzi ana nukta ya sekunde tu ya kuamua. Bodi yako, natumaini, haikusudii kupigana nawe, na itakuwa na nusu saa ya kukusikiliza. Rangi itasema neno lake katika dakika ya kwanza, na dakika zilizobaki ni za hesabu zako.

Ninalotaka ulishike zaidi ni hili linalofuata. Mwaka 2012 Hajo Adam na Adam Galinsky waliwavika watu koti jeupe, wengine wakiambiwa ni la daktari na wengine wakiambiwa ni la mchoraji, kisha wakawapa kazi inayohitaji umakini. Walioamini wamevaa koti la daktari walifanya vizuri zaidi. Mwaka 2019 watafiti wengine walirudia jaribio jingine la utafiti ule ule, lililolinganisha waliovaa koti na wasiolivaa, kwa watu wengi zaidi, na nguvu ya koti haikuonekana. Ninakutajia yote mawili kwa sababu wanaouza ushauri wa mavazi hupenda kuutaja ule wa 2012 tu. Mimi sitegemei koti lolote likuongezee akili. Lakini angalia jinsi lile jaribio la daktari na mchoraji lilivyopangwa. Koti lilikuwa lile lile, na weupe ule ule. Kilichotofautiana ni kile ambacho mvaaji aliamini kuwa amekivaa. Hata wale waliotafuta nguvu ya vazi waliitafuta kwenye maana aliyonayo mvaaji mwenyewe, na maana hiyo huwezi kukabidhiwa na mtu wa meza ya jirani. Nguo ya kuazima haisitiri maungo, nami naona rangi ya kuazima ni vivyo hivyo.

Nina sababu ya kusema hivyo. Nilipofanywa msimamizi wa karakana, ukiwa bado mdogo sana kukumbuka, rafiki yangu mmoja aliniambia kwamba manjano humfanya kiongozi apendeke, nami nikajishonea gauni la manjano yaliyokolea, nikaingia nalo kazini siku ya kwanza. Kufikia saa nne jasho lilikuwa limeonekana kwapani, na kuanzia hapo sikuinua mkono. Niliwaelekeza mafundi huku viwiko vimebana mbavuni kama kuku aliyefungwa, na fundi mmoja mzee akaniuliza kwa upole kama ninaumwa bega. Kazi niliijua vizuri sana. Lakini akili yangu nusu ilikuwa kwenye kitambaa kilicho katikati ya mafundi, na nusu nyingine ilikuwa kwapani. Siku ya pili nilivaa gauni langu la buluu iliyokoza, lile la siku zote, na sikumbuki hata mara moja kuliwaza mpaka niliporudi nyumbani kulivua. Tangu siku ile hicho ndicho kipimo changu: rangi inayokufaa kazini ni ile unayoisahau ukishafunga kifungo cha mwisho.

Ninajua utaniambia kwamba kijivu chako unakisahau kwa sababu kinakuficha, na kwamba umechoka kufichika. Hilo ni jambo jingine, na kama ndivyo, koti jekundu linaweza kuwa na kazi ya kweli. Lakini jiulize ni nani hasa unayedhani hakuoni. Mwaka 2000 Gilovich, yule wa jezi nyeusi, na wenzake walichapisha majaribio ambamo mwanafunzi alivishwa fulana yenye picha ya mwimbaji aliyemwonea aibu, kisha akaingizwa katika chumba chenye wenzake. Wavaaji walikisia kwamba karibu nusu ya waliokuwamo wameitambua picha ile, kumbe walioitambua hawakufika hata robo. Watu hututazama kidogo kuliko tunavyodhani. Habari hiyo inakupa ruhusa pande zote mbili: ukivaa nyekundu hutakodolewa macho kama unavyohofia, na ukivaa kijivu hujapotea kama mwenzako anavyokuambia. Hao wakubwa waliokupandisha cheo walikuwa wakikuona na nguo zako hizo hizo.

Basi kuhusu koti lenyewe. Usilivae kwa mara ya kwanza siku ya bodi. Livae siku ya kawaida ya kazi, kutwa nzima, pamoja na sketi na blauzi utakazovaa siku hiyo, na ukirudi nyumbani jiulize ulilikumbuka mara ngapi. Kama ulilikumbuka asubuhi tu, liko tayari; kama ulikuwa ukilivuta mikono na kujitazama katika kila kioo, livae tena wiki inayofuata, maana mazoea nayo huishonea nguo mwili. Ukiona wekundu ni mwingi, usilifunge vifungo. Vaa ndani blauzi nyeupe isiyong'aa au ya kijivu ile ile unayoipenda, ili karibu na uso wako kuwe na rangi uliyoizoea, na nyekundu ibaki pembeni. Mtu huzungumza akitazamwa usoni, kwa hiyo kilicho shingoni kina uzito kuliko kilicho kiunoni, na wanawake wengi hununua sketi kwa wiki mbili na blauzi kwa dakika mbili. Kama baadhi ya wajumbe watakuwa mbali wakikuona kwa kamera, jaribu kwanza kwenye simu yako, kwa sababu kamera nyingi huifanya nyekundu kali ionekane bapa, kama karatasi iliyokatwa, na mishono yote hupotea.

Jambo la mwisho ni mwanga, na hapa nazungumza kama fundi aliyewahi kuaibika. Niliwahi kumshonea mteja koti na sketi kutoka kwenye majora mawili tofauti, vitambaa ambavyo chini ya taa ya tyubu ya karakana vilikuwa pacha. Alipotoka nje juani, koti lilikuwa la kahawia na sketi ilikuwa na uzambarau ndani yake. Kosa lilikuwa langu, nami nilishona upya kwa kitambaa nilichokinunua mwenyewe. Rangi mbili zinaweza kukubaliana chini ya taa moja na kukataana chini ya nyingine. Kwa hiyo toa koti lako nje mchana, kisha liangalie tena chini ya taa za chumba cha mikutano kama unaweza kuingia humo kabla ya siku yenyewe, na uone kama ni lile lile ulilolipenda dukani.

Baba yako anakusalimu sana, na anasema yeye shati lake la kahawia halijawahi kuhitaji barua ndefu namna hii. Nitumie picha ya koti, uipige nje, umelivaa, mikono umeishusha, ili nione kama mabega yamekukaa au yanahitaji kupunguzwa.

Ni mimi mama yako akupendaye.