Mnara haujaongea, wewe umeshajibu

SWALI: Shikamoo Kapteni. Mimi ni rubani msaidizi mgeni kwenye ndege za pangaboi, zamu zangu nyingi ni Zanzibar–Dar. Tukikaribia kutua na mimi ndiye wa redio, mnara wa kuongoza ndege ukiniita nababaika. Narudia namba vibaya, mara nyingine nasema "Roja" tu ili yaishe. Mwenzangu amenipa kurasa za majibu ya kukariri, niwe na jibu kabla ya kuitwa. Zitanisaidia? (M., Ukonga)

JIBU: Marahaba. Hazitakusaidia, na aliyezitunga hakupaswa kumpa rubani yeyote. Zinazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp kama dawa ya chupa isiyo na lebo: kila mtu anaisifia, hakuna anayejua kilichomo.

Wewe unadhani mgonjwa ni ulimi, kumbe ni sikio. Kichwa kikielemewa na kazi, kusikia huwa ni kati ya vitu vya mwanzo kuondoka. Sauti inafika, maana haifiki. Aliyekariri analiziba pengo hilo kwa kile alichokitegemea. Chukua msimu wa kaskazi: upepo unatoka kaskazini mashariki, kila mtu kichwani ana njia 05, yaani njia ya kutulia inayoelekea huko huko. Siku upepo ukigeuka mnara unasema 23, yaani njia ileile kutokea upande wa pili, na bingwa wa kukariri anajibu 05 kwa sauti safi, bila kukwama popote. Muongoza ndege naye ana ndege nyingine mkononi, naye anaweza kusikia alichotegemea kusikia. Kosa limepita masikio mawili. Afadhali wewe unayebabaika, maana kubabaika kunasikika na mtu atauliza.

Vivyo hivyo kwenye mgandamizo wa hewa. Karibu na usawa wa bahari hektopaskali 1 ni kama futi 27. Umeambiwa 1003, ukaweka 1013 kwa sababu ndiyo uliyoizoea: altimita, yaani kipima kimo, itasema mko futi 270 juu zaidi ya mlipo. Kwenye mawingu ya masika, huenda futi hizo ndizo zote mlizobakiza.

"Roja" maana yake ni kwamba umeupokea ujumbe, basi. Haimwambii mtu umeelewa nini. Kibali cha kutua, kuvuka njia au kusubiri kabla ya njia, namba ya njia inayotumika, mgandamizo, kimo, mwelekeo na spidi: vyote hivyo lazima uvirudie kwa maneno, pamoja na jina la ndege yako.

Sasa kazi yenyewe. Zanzibar mpaka Dar ni kama maili 40 za majini. Hakuna kusafiri hapo, mnapaa, mnanyoosha, mnashuka. Ukisubiri kufika angani ndipo utafute hali ya hewa ya Dar na kupiga hesabu ya spidi za kutua, umechelewa tangu Zanzibar. Fanyeni hayo injini zikiwa bado zimezimwa: hali ya hewa, kadi ya spidi, na maelezo ya njia zote mbili, 05 na 23, pamoja na mtakavyopanda mkighairi kutua. Kwa mteremko wa digrii 3 na mwendo wa noti 120 (maili 120 za majini kwa saa) mnashuka kama futi 600 kwa dakika, kwa hiyo kutoka futi 1,000 mna dakika moja na sekunde 40 hivi. Flapu za mabawa, magurudumu, orodha ya ukaguzi, upepo na kibali cha kutua vyote vinagombea nafasi humo. Kila utakachokimaliza mapema kinalirudishia sikio lako nafasi.

Mnara ukikuita, andika namba kwenye kibao cha pajani kwanza. Isome kutoka kwenye karatasi, siyo kichwani, kisha iweke kwenye kifaa, na anayerusha aitazame na kuithibitisha. Umebanwa? Sema "Stendibai", ni neno halali. Hukusikia, omba arudie. Kibali cha kutua kikishatolewa, wapo wanaowasha taa ya mbele wakati huo tu. Taa ikiwa imezimwa kwenye futi 500, mnajua bado hamjaruhusiwa. Kama taratibu za kampuni yenu zinakubali, itumie. Na mkighairi kutua, nguvu, pua, flapu, magurudumu, ndipo redio. Mnara utasubiri.

Wala usidhani ni ugonjwa wa wageni. Tarehe 25 Januari 1990, Boeing 707 ya Avianca, shirika la ndege la Kolombia, iliishiwa mafuta ikijaribu kutua New York baada ya kuzungushwa angani zaidi ya saa moja. Kapteni alimwagiza msaidizi atangaze dharura. Msaidizi akauambia mnara kwamba mafuta yanaisha. Neno "dharura" hakulitamka, "Mayday", wito wa kimataifa wa dharura, pia hakulitamka, na kapteni alipomuuliza akajibu kwamba ameshawaambia. Kati ya watu 158 walikufa 73. Leo kuna maneno maalumu ya mafuta kupungua na ya dharura ya mafuta, na hayafai kulainishwa. Sisi tumelelewa kumwambia mkubwa jambo zito kwa kulizungusha, "samahani mzee, nadhani labda spidi…". Shikamoo yako imalizie kwenye ngazi. Ndani sema "Spidi", na asiporekebisha, sema "Ghairi".

Na wapo wanaouza mafunzo ya ufasaha wa redio ya wiki moja; hao wanakufundisha kuongea haraka, na haraka ndiyo inayokuponza.

Na kama kapteni unayeruka naye hukasirika kila ukiomba mnara urudie, mpelekee mkufunzi wako jambo hilo kabla ya zamu yenu ijayo.