Anayesoma polepole si kilaza

Mwalimu mwenzangu, kama darasa lako la tatu lina mtoto anayejibu vizuri kwa mdomo, lakini akishika kitabu anakata silabi mojamoja, tafadhali usimwite kilaza. Huenda ana disleksia: ubongo wake unapata taabu kuoanisha herufi na sauti. Akili anayo, na bidii anayo.

Kwetu tatizo hili hujificha, maana Kiswahili huandikwa kinavyotamkwa. Akishazijua silabi, mtoto huyu anaweza kusoma maneno mengi bila kukosea, ila polepole mno. Akifika mwisho wa sentensi, mwanzo wake umeshampotea. Anavuka madarasa hivyohivyo. Akiingia kidato cha kwanza, masomo yakawa ya Kiingereza, ambacho maandishi yake hayafuati matamshi, ndipo anaanguka. Nyumbani wanasema kaharibiwa na makundi.

Mimi simsimamishi mtoto huyo asome ghafla mbele ya wenzake. Nampa aya leo, akaisome nyumbani na dada yake, kesho ndiyo anasoma hiyohiyo. Kuna mmoja alikuwa akiruka mistari kila mara. Nikamkatia kipande cha boksi, akawa anakiweka chini ya mstari na kukishusha taratibu, akaacha kupotea. Maswali ya sayansi nilimsomea, akajibu kwa mdomo. Wenzake waliponung'unika, niliwaeleza kwamba hapo napima sayansi, sipimi kasi ya kusoma.

Na jamani, tuache kumnyima mtoto mapumziko eti hajamaliza kunakili ubaoni! Aandike anachoweza, mengine aazime daftari la mwenzake.

Mzazi, anza na kupimisha macho na masikio. Usikimbilie tuisheni inayorudia yaleyale yaliyomshinda darasani.

Kazini nako yapo. Mdogo wangu ni mtunza stoo. Bosi wake wa zamani alimtumia meseji ndefu za oda, akikosea anafokewa mbele ya wateja. Wa sasa anamtumia ujumbe wa sauti, na rafu kazibandika rangi. Hesabu zinatoka sawa. Hapa Tanzania, Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na angalau asilimia 3 wenye ulemavu, lakini wengi wetu tunahesabu ule unaoonekana kwa macho tu. Wenye shida ya kusoma wananyamaza, wakiogopa kuchekwa.

Kwa hiyo, meneja, muulize kijana wako: "Maelekezo nikupe vipi ili uyashike vizuri?" Muulize mkiwa wawili, si kwenye kikao.