Vitamini D na mishipa ya moyo: usimwachishe mzee dawa zake

Mkuu uliyeuliza kama mzee wako aache vidonge vya kolestro ahamie kwenye vitamini D kwa sababu kaambiwa inazibua mishipa na kumaliza uvimbe wa ndani, yaani kuta za mishipa kuwaka, nakuomba unisome mpaka mwisho maana hilo mimi nimelifanya kwenye mwili wangu mwenyewe.

Miaka mitatu nyuma nilikuwa nikipanda ngazi za ofisini pale Posta kifua kinabana, nikifika juu nasimama kwanza nimeshika reli. Nikapimwa, mshipa mmoja wa moyo umekuwa mwembamba, nikaanzishiwa aspirini na atorvastatini, kidonge cha kushusha kolestro, ya usiku. Vipimo vilevile vikaonyesha vitamini D iko nanogramu 14 kwa mililita, dokta akasema chini ya 20 ni upungufu. Nilishangaa, Dar hii jua linavyochoma! Lakini natoka Kimara bado giza, nashinda ndani kwenye AC, narudi giza. Na kukaa dirishani kwenye daladala hakusaidii, kioo kinazuia ile miale inayotengeneza vitamini D. Hata jua la saa moja asubuhi tunalolisifia linatoa kidogo sana, dokta alinifundisha niangalie kivuli changu, kikiwa kirefu kuliko mimi basi ngozi haitengenezi kitu cha maana, na ngozi nyeusi inataka muda zaidi. Wamasai na Wahadzabe wa hapahapa kwetu walishapimwa, matokeo yakatoka 2012, wastani wao nanomoli 115 kwa lita, yaani kama 46 kwa kipimo kile kilichonipa mimi 14. Ngozi nyeusi kama yangu, ila wao wanashinda nje.

Sasa kosa langu. Mwenzangu mmoja kazini anayeuza virutubisho akaniambia kolestro haina shida, shida ni uvimbe. Na kuna ukweli ndani yake, ndiyo maana nilinasa. Mshipa hauzibi kama bomba la sinki, yale mafuta mabaya ya kolestro, LDL, yanapenya kwenye ukuta wa mshipa, chembe za kinga zinakuja kuyala, zinajaa, ukuta unawaka ndani kwa ndani mpaka donge linaota. Chembe hizo zina vipokezi vya vitamini D, na watu ambao vitamini D yao iko chini sana mara nyingi CRP yao, kile kipimo cha uvimbe, huwa juu. Nikaacha atorvastatini kimyakimya, nikashika vitamini D. Miezi minne.

Siku ya kliniki vitamini D imefika 41, nikafurahi kama mtoto aliyefaulu darasa la saba. Dokta, binti mdogo tu, akageuza karatasi akaweka kidole kwenye mstari wa LDL: ilikuwa 1.8, imerudi 4.1. Hakufoka. Aliniuliza tu, "Baba, ile dawa ya usiku unakunywa?" Nilishindwa kumtazama.

Akanieleza taratibu kwamba Marekani walifanya utafiti unaitwa VITAL, watu 25,871, wengine wakapewa uniti 2,000 za vitamini D kila siku na wengine kidonge kisicho na dawa, zaidi ya miaka 5, majibu yakatoka 2018: mshtuko wa moyo na kiharusi karibu sawa pande zote mbili. New Zealand wakajaribu dozi kubwa ya mara moja kwa mwezi kwa watu 5,108, nako hakuna tofauti. Kwa hiyo vitamini D ikiwa chini inaweza kuwa dalili tu ya mtu ambaye hatoki, hatembei, mwili umeongezeka, na hivyo ndivyo vinavyouumiza moyo.

Sisemi haina kazi, mifupa inaihitaji sana, na mzee akipimwa akakutwa nayo chini apewe. Ila kwa dozi ya dokta, maana ikizidi kalsiamu inapanda kwenye damu, atasikia kiu kila saa, choo kigumu, mkojo usioisha, anaweza hata kuchanganyikiwa na kupata mawe kwenye figo. Kwa mtu mwenye mishipa iliyoanza kuziba, kalsiamu kuzidi kwenye damu si kitu cha kuchezea.

Mimi leo natumia vyote viwili, atorvastatini na vitamini D, LDL imeshuka tena chini ya 2, ngazi napanda bila kusimama. Wewe mrudishe mzee kliniki wiki hiihii na kopo la vitamini D mkononi walione, waulize kipimo cha kalsiamu na cha figo. Na tuambie hapa, ameshaacha dawa? Kama ndiyo, tangu lini?